Waayalandi wa London na uongo wa 'niko poa': Soma hii kabla hujampigia mtu wako wa majuu

Ukimpigia simu mtu wako aliye majuu, swali la kwanza huwa "uko aje?" na jibu huwa "niko poa". Baada ya hapo mnarukia stori za baridi, bei ya vitu, na kama kuna kitu kidogo cha kutuma. Dakika kumi zinaisha. Unakata simu ukijua yuko poa, kwa sababu amesema mwenyewe.

Leo nataka nikupe stori ya mzee mmoja ambaye amekuwa akisema yuko poa kwa zaidi ya miaka sitini.

Cuzo yangu anafanya kazi ya kutunza wazee kaskazini mwa London, zamu za usiku mara nyingi. Kwenye makao anakofanyia kazi kuna mzee wa Kiayalandi ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, mzee anaamka, anavaa viatu, anaketi ukingoni mwa kitanda na kungoja lori. Lori lenyewe ni lile lililokuwa likibeba vibarua wa ujenzi kutoka mtaa wa Cricklewood enzi za ujana wake. Haliwezi kuja tena. Cuzo huwa habishani naye. Anaketi kando yake, anamuuliza yuko aje, na jibu ni neno moja kila siku: "Grand."

Mwanzoni cuzo alidhani anaongea juu ya mjukuu wake. Mwenzake wa kazini ndiye alimweleza kwamba Muayalandi akisema "grand" anamaanisha yuko fiti, hakuna noma. Anaweza kuwa amevunjika mguu na bado akakwambia yuko grand.

Usiku huo nilipata ujumbe wa sauti. "Cuzo, huyu mzee ananitisha. Hilo jibu lake ndilo langu. Kila nikiongea na mathe nasema niko poa." Akanyamaza kidogo. Nikasikia mlango ukifungwa nyuma yake. "Na siko poa."

Hapo ndipo nilianza kuwasoma hawa wasee wa Ayalandi. Na nimegundua kitu: yale ambayo watu wetu wanapitia majuu leo, wao waliyapitia kitambo. Waliumia vibaya. Halafu, polepole, wakatafuta njia ya kushikana mkono. Hiyo njia ndiyo nataka uijue.

Waliondoka wengi, wakatuma doo

Miaka ya 1950, karibu watu 400,000 walitoka Ayalandi, nchi ambayo wakati huo haikuwa na hata watu milioni 3. Wengi walivuka bahari wakaingia Uingereza, iliyokuwa ikijijenga upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wasichana walienda kuwa wauguzi katika hospitali za umma, ambazo mfumo wake wa NHS ulianza mwaka 1948, au kufanya kazi za nyumbani. Wanaume walishika sepetu wakachimba barabara, mitaro na mahandaki ya treni.

Unasikia kama stori unayoijua? Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya huko. Mwaka 2024 tukatia saini mwingine na Ujerumani. Safari ni ile ile, abiria tu ndio wamebadilika.

Alfajiri, wanaume wa Kiayalandi walisimama kando ya barabara Cricklewood, Kilburn na Camden Town. Mwenye kandarasi alifika na lori akachagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Aliyewahi kungoja kibarua kwenye geti za Industrial Area anaijua hiyo hisia vizuri. Wengi walilipwa pesa taslimu bila rekodi yoyote. Siku hiyo ilionekana ni bonge la dili, hakuna kodi, hakuna makato. Walipozeeka ndipo waligundua kwamba bila makato hakuna pensheni. Wengine walilipwa kwa hundi ambayo ilibadilishwa kuwa pesa ndani ya baa, na ukishaingia baa kubadilisha hundi huwezi kutoka bila kunywa.

Usiku walilala kwenye vyumba vya kukodi au mabweni makubwa kama Arlington House pale Camden, jengo lililofunguliwa mwaka 1905 na ambalo baadaye lilijaa wanaume wa Kiayalandi waliozeeka bila familia.

Na bado walituma pesa nyumbani. Mwaka 1961 pesa zilizotumwa Ayalandi kutoka Uingereza zilifika pauni milioni 13.5. Mwaka huo serikali ya Ayalandi ilitumia takriban pauni milioni 14 kwa shule zote za msingi na sekondari. Hebu tulia hapo kidogo. Vibarua na wauguzi wa London walituma kiasi kinachokaribia bajeti ya masomo ya nchi nzima.

Sisi nasi, mwaka 2024, Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Kila mwezi Benki Kuu hutoa hesabu ya pesa hizo na tunapiga makofi. Hakuna anayetoa hesabu ya usingizi uliopotea.

Maumivu yasiyokuwa na kisanduku

Tangu miaka ya 1970, watafiti Uingereza waliona jambo lililowashangaza. Watu waliozaliwa Ayalandi walikuwa wakilazwa katika hospitali za magonjwa ya akili kwa kiwango kilichowashinda wenyeji. Visa vya kujitoa uhai pia vilikuwa juu.

Sababu hazikuwa moja. Kulikuwa na upweke. Kulikuwa na pombe, kwa sababu ukikaa kwenye chumba chenye kitanda tu, baa ndiyo inakuwa sebule yako. Kulikuwa na wale waliokimbia mambo mazito ya utotoni. Mwaka 2009 ripoti ya tume ya uchunguzi huko Ayalandi ilianika jinsi watoto walivyopigwa na kudhulumiwa kimapenzi kwa miaka mingi katika taasisi zilizoendeshwa na mashirika ya kanisa. Wengi wa watoto hao walipokua walipanda meli wakaenda zao Uingereza, na siri wakaibeba kwenye begi.

Halafu kulikuwa na lafudhi. Mwaka 1974 mabomu ya kundi la IRA yaliua watu 21 katika baa mbili za Birmingham. Siku chache baadaye sheria kali ya ugaidi ikapitishwa. Wanaume sita wa Kiayalandi walifungwa kwa mashambulizi hayo, na wakakaa jela hadi mwaka 1991 ndipo mahakama ikafuta hukumu. Katika miaka hiyo, ukifungua mdomo kwenye basi na lafudhi yako ikasikika, watu waligeuka kukutazama. Wengi wakajifunza kuongea kwa sauti ya chini, au kutoongea kabisa.

Sasa, mtu aliyejifunza kunyamaza kwenye basi ataongea vipi mbele ya daktari?

Na hata daktari mwenyewe hakuwa akiwaona. Muayalandi ni mzungu, kwa hivyo kwenye fomu aliwekwa kwenye kisanduku cha wazungu na stori ikaishia hapo. Mwaka 1997 ripoti ya tume ya usawa wa rangi ya Uingereza ilionyesha wazi kwamba jamii hii ilikuwa ikibaguliwa na kusahaulika. Ni katika sensa ya mwaka 2001 ndipo Muayalandi aliwekewa kisanduku chake kwa mara ya kwanza katika sehemu ya kabila. Inaonekana kitu kidogo, lakini usipohesabiwa hupangiwi bajeti.

Kuna na lile ambalo halihitaji mtafiti: aibu. Aliyeomoka alirudi nyumbani likizo na suti mpya, akanunulia kijiji kizima raundi, kama tu wale wetu wanaotua Desemba na miwani ya jua. Ambaye mambo hayakumwendea hakurudi. Mwaka mmoja ukawa mitano, mitano ikawa thelathini. Utarudije mikono mitupu kwa watu uliowaambia miaka yote kwamba uko grand?

Walichofanya

Hapa sasa ndipo penye funzo. Waayalandi hawakungoja watu wao waamke siku moja waseme "mimi ni mgonjwa, nipelekeni kwa mtaalamu". Walijua hilo halitatokea. Wakageuza mambo, msaada ukamfuata mtu pale alipo.

Kwanza waliweka sikio linaloelewa. Mwaka 1996 shirika la icap lilianza London kutoa ushauri nasaha kwa wahamiaji wa Kiayalandi. Wazo lake ni rahisi. Anayekusikiliza anajua ulikotoka. Huhitaji kutumia nusu saa kumweleza padri alikuwa na nguvu gani kijijini, au kwa nini huwezi kumwambia mama yako kitu fulani hata akiwa kaburini. Wengi wa waliohudumiwa walikuwa ni hao waliodhulumiwa utotoni. Lafudhi iliyowafanya wanyamaze kwenye basi ikawa ndiyo inayowafungua mdomo.

Pili, walitumia chakula. Kituo cha Waayalandi pale Camden kimekuwepo tangu mwaka 1954. Mzee ambaye hawezi kukanyaga ofisi ya mshauri atakuja kula chakula cha mchana, kucheza karata, kusikiliza muziki wa kwao, au kusaidiwa kujaza fomu ya marupurupu. Akikosa kuja Jumatano mbili, kuna mtu atauliza yuko wapi. Akija na shati la wiki iliyopita, kuna mtu ataona. Huko nje ya mji, Ruislip, kuna uwanja wa michezo ya Kiayalandi ambako vijana hukutana kucheza. Kijana aliyeshuka kwenye ndege juzi anapata timu kabla hajapata rafiki, na kupitia timu anapata kazi, chumba, na mtu wa kumwambia ukweli.

Tatu, walikumbuka wanaosahau. Shirika la Irish in Britain lina mradi unaoitwa Cuimhne, neno la Kiayalandi linalomaanisha kumbukumbu. Wanafunza watu wa kujitolea jinsi ya kukaa na wazee kama yule wa cuzo yangu, na kufanya vilabu vyao viwe mahali ambapo mtu anayepoteza kumbukumbu bado anakaribishwa.

Nne, na hili viongozi wetu walisome polepole, serikali ya nyumbani ilitoa pesa. Mwaka 2003 runinga ya taifa, RTÉ, ilionyesha wazee wa Kiayalandi wakiishi katika hali mbaya Uingereza. Watu nyumbani wakaona haya: hawa ndio waliotusomesha. Mwaka 2004 wizara ya mambo ya nje ikaanzisha mpango wa kufadhili mashirika yanayosaidia Waayalandi walio ng'ambo, na hadi leo mpango huo upo. Deni la mwaka 1961 likaanza kulipwa kidogo kidogo.

Mwisho, walianza kuongea waziwazi. Mwaka 2009, katika bustani ya Phoenix mjini Dublin, watu wapatao 400 walikutana gizani wakatembea pamoja hadi kukapambazuka, kuwakumbuka waliojitoa uhai na kuchangia huduma za kuzuia vifo hivyo. Matembezi hayo sasa hufanyika kila Mei katika miji mingi duniani ambako Waayalandi wanaishi, London na New York zikiwemo. Huanza saa kumi na robo alfajiri. Nilipoisoma hiyo saa nilimkumbuka mzee na viatu vyake. Ni saa ambayo vijana wa enzi yake walikuwa wakijiandaa kwenda kungoja lori, kila mmoja na mawazo yake.

Sisemi wamemaliza shida. Baada ya uchumi wao kuanguka mwaka 2008, kizazi kingine cha vijana kiliondoka. Huko New York kuna Waayalandi wasio na karatasi ambao, mzazi akifa, hufuata mazishi kwenye skrini ya simu, kwa sababu wakitoka Marekani hawataruhusiwa kurudi. Lakini sasa kuna mlango wa kubisha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mzee wa cuzo na kijana wa leo wa Ruislip.

Na sisi je?

Tuseme ukweli. Wakenya tuko vizuri sana kwenye mchango. Mtu wetu akifa majuu, kundi la WhatsApp linafunguliwa saa hiyo hiyo, paybill inatumwa, na ndani ya wiki mbili mwili uko JKIA. Ni kitu kizuri na nakiheshimu. Lakini jiulize: huyo mtu alipokuwa hai na halali, kundi lilikuwa wapi? Tunajua kusafirisha maiti kuliko tunavyojua kumtembelea aliye hai.

Cuzo yangu, kwa mfano. Viza yake imefungwa kwa mwajiri wake. Akipoteza kazi, ana takriban siku 60 za kupata mwajiri mwingine aliyeidhinishwa, la sivyo ajipange kuondoka. Deni la ajenti bado halijaisha. Mtu kama huyo atasema amechoka akili? Anaogopa hata kuchukua siku moja ya ugonjwa. Sheria na mikopo ndiyo imemfunga mdomo, hata hajakuwa mtu wa kujificha.

Na mimi sina haki ya kumhukumu. Nilipoacha chuo, kwa miezi minne niliamka kila asubuhi, nikabeba begi, nikakaa maktaba ya umma hadi jioni. Buda akiniuliza masomo yanaendaje, nilisema poa. Nilikuwa Nairobi, sikuwa hata nimevuka mto. Kwa hivyo najua jinsi hilo neno linavyoweza kukufungia ndani ukiwa na ufunguo mkononi.

Kwa hivyo, kama wewe ndiye unayepanga kwenda, kabla hujatafuta koti la baridi tafuta watu. Kanisa, msikiti, chama, timu ya mpira, chochote chenye watu wa kwenu wanaokutana ana kwa ana. Kama uko Uingereza, jua kwamba kule England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa huduma ya NHS ya ushauri nasaha, bila barua ya daktari na bila malipo. Usiku ukiwa mrefu, namba 116 123 ya Samaritans inajibiwa saa 24 bure. Hapa nyumbani, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Na usiogope kwamba utashtakiwa. Ayalandi ilifuta kosa la kujaribu kujitoa uhai mwaka 1993. Kwetu, kifungu cha 226 kilichokuwa na adhabu ya hadi miaka miwili jela kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mtu aliyefika ukingoni anahitaji mtu wa kumshika, si polisi.

Kama wewe ndiye uliyebaki nyumbani, kazi yako ni rahisi lakini inataka moyo. Acha kuuliza "uko aje". Uliza maswali ambayo "poa" haiwezi kujibu. Umekula nini leo? Umelala masaa mangapi? Mara ya mwisho kucheka na mtu uso kwa uso ilikuwa lini? Na ukipiga simu kuomba pesa, basi wiki ijayo piga nyingine bila kuomba kitu.

Cuzo sasa amepata kundi la akina dada wanaofanya kazi kama yake. Wasiokuwa zamu Jumapili hukutana kwa mmoja wao, wanapika ugali na mboga wanazopata, wanasukana. Siku ya kwanza alisema tu kwamba halali. Wawili wakaweka sahani chini. Nao hawakuwa wakilala.

Jana nilimpigia. Sikuuliza yuko aje. Nilimuuliza amelala masaa mangapi.

"Matano," akasema. "Wiki jana yalikuwa matatu. Lakini juzi nililia kwa basi, cuzo. Uko na dakika?"

Nilikuwa nazo.